Kufuli Mbili za Diwani

Diwani Mkumbwa aliingia chumba cha mafaili cha zahanati bila kubisha hodi.

"Bi Tunu, nipe faili la Sefu, mpinzani wangu. Nataka kujua anameza dawa gani."

"Nitakupa, mheshimiwa," karani akajibu. "Ila yule mama kwenye benchi naye anataka lako. Nikikupa wewe, nitamnyimaje yeye?"

Diwani akachungulia. Mama alikuwa amewapa mgongo, kajitanda khanga.

"Ni mke wangu?"

"Majina ya watu sitaji. Na kabati lenyewe tunalifunga kwa kamba, tangu mlipotukatalia kufuli."

Diwani akatokea mlango wa nyuma. Kabla ya adhuhuri alirudi na kufuli mbili, kanunua mwenyewe.

Bi Tunu akafunga kabati, kisha akamwita yule mama: "Haya, mlete mtoto tumpime uzito."