Kigae Kisichorudi Udongo

Mnavipiga teke vigae njiani kama kokoto. Zamani mngechapwa, maana kigae kilikuwa mali. Chungu kikivunjika, mwenyewe alikusanya vipande vyake asubuhi, akavilaza mtoni chini ya maji. Jioni alikuta udongo laini, akaufinyanga upya. Hapakuwa na mtu aliyelilia chungu.

Siku hizo, kando ya Mto Kirongwe, aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Namkunda. Binti huyo alipofikisha miaka kumi na miwili alifinyanga mtungi wake wa kwanza. Ulikuwa umepinda kidogo, na shingoni aliuzungushia alama za dole gumba lake, moja baada ya nyingine. Mama yake alimcheka kwa huko kupinda. Mvua za vuli zilipokuja, homa ikamshika Namkunda, na siku ya nne akafa.

Nakijwa aliteka maji kwa mtungi ule miaka mitatu. Kila alipounyanyua, vidole vyake vilikaa ndani ya zile alama, na kwa kitambo kidogo alikuwa bado mama wa mtu. Halafu siku moja aliutua vibaya juu ya figa, ukapasuka.

Jirani yake, Bibi Naetwa, alimkuta ameketi chini na vipande mapajani.

"Mwanangu, peleka mtoni," alimwambia. "Chungu hakikaliwi matanga."

Akaenda, kwa sababu ndivyo watu walivyofanya. Akavilaza vipande majini, akakaa kuvitazama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Aliona kingo zikilainika. Aliona dole la kwanza la mwanawe likififia, kisha la pili. Hapo akapiga yowe.

"Ewe mto, usimle mwanangu mara ya pili!"

Mto ukamjibu, "Mimi sijui kuchagua. Nikiacha hiki, nitaviacha vyote, leo na siku zote."

"Viache!" alisema Nakijwa. Hakufikiria jirani wala kijiji. Mwenye uchungu kama ule hafikirii. Mto ukaviacha, navyo vikawa vigumu kama mawe. Akavibeba nyumbani kwa furaha, maskini.

Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Vyungu vya kijiji viliendelea kuvunjika kama kawaida, na vigae vikalazwa mtoni siku saba, siku ishirini, vikatoka vilevile. Wanawake wakachimba udongo mpya ukingoni. Udongo ule ulikuwa haujawahi kuona moto, na kila chungu walichokichoma kilipasuka. Maji waliteka kwa vibuyu, lakini kibuyu hakipiki uji. Kilipobaki chungu kimoja kwa nyumba kumi, watoto walioachishwa ziwa wakaanza kunyong'onyea. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Bibi Naetwa.

Watu walijua, maana maneno yake kwa mto yalisikika mpaka kijijini. Walipita mlangoni kwa Nakijwa bila salamu. Bibi Naetwa peke yake ndiye aliyeingia, akiwa amembeba mjukuu mgongoni, shingo ya mtoto imelegea.

"Sikuja kukulaumu, mwanangu. Nimezika, najua. Ila huyu bado yupo."

Nakijwa alivitazama vipande vyake. Akawaza: kosa limeanzia kwenye mtungi huu, na likomee hapa. Kisicholainishwa na maji, akaona kitalainishwa na jiwe. Akavuta jiwe la kusagia, akaanza. Alisaga kitako, akasaga tumbo, akasaga shingo, huku akilia kwa sauti na unga mwekundu ukimganda usoni. Alipofika kipande cha mwisho, chenye dole moja lililo wazi, mkono ulikataa. Akakificha kwenye upindo wa kaniki yake.

Unga ule akauchanganya na udongo mbichi, akafinyanga chungu, akakichoma. Hakikupasuka. Kijiji kizima kilipiga vigelegele, wakakimbilia vigae vyao wavisage nao. Uji ukapikwa, na mjukuu wa Naetwa akanywa.

Nakijwa alikigeuzageuza chungu chake kipya akitafuta shingoni. Aliona alama za mikono yake mwenyewe, mikubwa na iliyozeeka. Chungu kilikuwa kizuri. Namkunda hakuwemo. Alimpa Naetwa chungu hicho, na tangu hapo hakufinyanga tena mpaka alipokufa, na walipomwosha walikuta kigae kimoja mkononi.

Na tangu siku ile ya yowe mtoni kigae hakirudi kuwa udongo, hata kikikaa majini miaka mia. Wafinyanzi husaga vigae vya zamani wakavitia ndani ya vyungu vipya ili vivumilie moto. Lakini mtazameni vizuri mfinyanzi anaposaga: huacha kipande kimoja, akakiweka kando. Mkimuuliza sababu, atawaambia ndivyo alivyomkuta mama yake akifanya. Yeye hajui. Ninyi sasa mnajua, kwa hiyo msikipige teke.