Kapu la Mwalimu Kakakuona

Hapo zamani za kale, zamani kweli, wakati wanyama walipokuwa na majiko, madeni ya chumvi na majirani wasumbufu kama sisi, palikuwa na kijiji kando ya mto wa mchanga. Mto wa mchanga, wajukuu zangu, hauna maji juu. Maji yako chini, yamejificha, na anayeyataka lazima achimbe. Tena upepo wa pale ulikuwa na inda. Ukivuma usiku, fuuuu! visima vyote vinafukiwa, na asubuhi kazi inaanza upya.

Hapo ndipo alipoishi Nguchiro, mdogo, mwembamba, mwenye mdomo usiotulia. Alikuwa yatima. Aliyemlea na kumfundisha ni bibi mmoja mwenye magamba mgongoni, Mwalimu Kakakuona.

Wala si Nguchiro peke yake aliyefundishwa. Kijiji kizima kilipitia uani kwa bibi yule. Walipita wangali wadogo, makamasi yanawatoka, na sasa wana vitambi na vyeo, wameshasahau.

Mwalimu alikuwa amezeeka. Kucha zake za kuchimbia zilikuwa zimelika, zimekwisha kabisa, kwa miaka ya kuwaonyesha wengine namna ya kuchimba. Kila asubuhi alikaa ukingoni na kata yake mkononi, akingoja Nguchiro amchotee.

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Siku moja Nyati, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha baraza.

"Jamani, maji yanazidi kwenda chini," akasema. "Kuanzia leo, asiyechimba hanywi. Na asiyekunywa hana la kufanya hapa. Ahame!"

Kila mtu akajua ni nani anayesemwa. Macho yote yakamgeukia bibi.

Nje ya kijiji kulikuwa na nyika tupu, hakuna mti wala tone la maji. Kumpeleka Mwalimu huko ni kumpeleka akafe, na wote walilijua hilo.

"Mwalimu, una neno?" akauliza Nyati.

"Sina, mwanangu. Ni kweli sichimbi."

Basi pale kijijini palikuwa na mila. Mtu akifukuzwa, kila kitu chake kilicho kwa watu kinarudishwa, aondoke nacho. Waliamini kitu chake kikibaki kinaleta mkosi. Atakayekutwa nacho, hata kama ni kijiko, anaitwa mwizi na kufukuzwa naye.

"Haya, nani ana kitu cha Mwalimu?" akauliza Nyati.

Mwalimu akajibu mwenyewe, taratibu. "Ungo wangu uko kwa Fisi. Basi. Sina kingine kwa mtu."

Sina kingine kwa mtu! Neno hilo lilimchoma Nguchiro kuliko hata lile la kufukuzwa. Akamtazama Nyati, akamtazama Tembo, akamtazama Fisi. Hakuna aliyeona haya. Nguchiro alikasirika mpaka manyoya ya mkia yakamsimama. Halafu hasira ikashuka, akili ikapanda.

Akaenda mbio nyumbani, tiritiritiri! akarudi na kapu kubwa na kawa la kulifunikia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, bado viko vitu vya Mwalimu hapa. Bwana Tembo anacho kimoja."

"Mimi?" Tembo akashangaa. "Sijawahi kuazima hata mwiko wake!"

"Kujua mchanga upi una maji chini na upi hauna, nani alikufundisha?"

Tembo akajikuna sikio. "Yeye. Zamani nilikuwa nachimba popote tu, nakesha na kiu."

"Basi hicho ni chake. Kirudishe."

Baraza zima likaangua kicheko. Tembo mwenyewe alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Nirudishe vipi, we mtoto?"

"Ingiza mkonga kapuni, puliza, useme, Mwalimu, chukua chako."

"Rahisi hivyo? Puuuuu! Mwalimu, chukua chako!"

Pa! Nguchiro akafunika kapu. "Na wewe Mheshimiwa. Kushindilia kingo za kisima kwa kwato zisiporomoke, uliona kwa nani?"

"Aaa, huo si upuuzi?" Nyati akasema. Lakini watu walikuwa wanacheka, na mkubwa hapendi kuonekana mchoyo. Akatumbukiza kwato moja. "Mwalimu, chukua chako. Haya, tumalize, jua kali."

"Kaka Fisi, na hiyo nyumba yako ya shimo isiyobomoka?"

"Hihihihi! Alinielekeza yeye! Chukua, Mwalimu, chukua chako!" Fisi akatupa kapuni kiganja cha hewa, akaanguka chini kwa kucheka.

Mwalimu alikuwa amekaa kando. Hakucheka. Alimtazama Nguchiro kama anayetaka kuuliza jambo, halafu akainuka kwenda kufunga mzigo wake.

Asubuhi kijiji kikakutana mtoni. Mwalimu alifika na ungo kichwani, tayari kwa safari. Walipanga kunywa kwanza, ndipo wamsindikize. Tembo akasogea, akainua mkonga, akaanza kunusa ili awaonyeshe wote pa kuchimba, kama kawaida yake.

"Mwiziiii!" Nguchiro akapiga kelele juu ya jiwe. "Mwizi huyo! Anatumia kitu cha Mwalimu!"

"Nani mwizi?" Tembo akashtuka.

"Wewe! Jana umekirudisha mbele ya watu wote, kiko kapuni. Leo unakitumia kwa nini?"

Watu wakatazamana. Kweli, walishuhudia wote. Tembo akashusha mkonga polepole.

"Sasa nichimbe wapi?"

"Popote tu. Kama zamani."

Tembo akachimba hapa, chwa! chwa! Vumbi. Akachimba pale. Vumbi. Mwishowe, kwa bahati tu, akapata shimo lenye unyevunyevu, na mchanga ukaanza kuporomoka kutoka pembeni. Nyati akakimbia kuushindilia.

"Kwato hizo, Mheshimiwa!" akaita Nguchiro.

Nyati akabaki ameinua mguu mmoja hewani, mwenyekiti mzima, hajui aushushe wapi. Poroooo! Shimo likafukika mbele ya macho yake.

Fisi akatokea anajikuna, kwaru, kwaru. Usiku alikuwa ameogopa mkosi wa kitu alichokwisha kukirudisha, akalala nje ya shimo lake na wanawe, na siafu wakawaonyesha kazi. Asubuhi ile hakucheka hata kidogo.

Jua likapanda. Ndama wakaanza kulia kiu. Nyati akamgeukia Nguchiro. "Fungua kapu, uturudishie!"

"Si vyangu mimi, Mheshimiwa. Ni vya Mwalimu, na Mwalimu mmemfukuza. Muombeni yeye."

Kuomba ni kazi ngumu kwa mwenye pembe. Wa kwanza kupiga magoti alikuwa Tembo.

"Mwalimu, usiende," akasema. "Nimekunywa maji miaka yote hii, na sijakumbuka hata siku moja kwamba ni wewe uliyeninywesha."

Fisi naye akaomba, bado anajikuna. Nyati akainamisha pembe zake. "Nililosema jana nalifuta. Tutachimba sisi, wewe utakunywa. Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu akatua ungo. Akalikokota kapu, akafunua kawa, akachungulia.

"Mbona ni tupu?"

"Tupu?" Fisi akaruka. "Tumedanganywa!"

Nyati akakoroma, mvuke ukamtoka puani. Nguchiro, fyuu! akajificha nyuma ya magamba ya bibi yake.

"Nguchiro," akaita Mwalimu, "umewaongopea wakubwa zako?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nimewaongopea kuhusu kapu." Akachungulia kwa jicho moja. "Lakini niliposema ni vyako sikuongopa."

Nyati akafungua mdomo kufoka. Akautazama mto, akawatazama wanawe wenye kiu, akaufunga. "Tembo," akasema kwa sauti ndogo, "nusa."

Tembo akanusa, akachimba. Nyati akashindilia kingo, du! du! du! Maji yakaja, meupe, baridi. Kata ya kwanza akapelekewa Mwalimu.

Akaishika kwa mikono yake isiyo na kucha. Hakunywa. Machozi yalimshuka katikati ya makunyanzi.

"Kumbe nilikuwa na vitu kwa watu," akasema. "Mimi nilijua nimezeeka bure."

Hakuna aliyejua pa kuweka uso. Mwalimu akanywa, akajifuta mdomo, akamgeukia Nguchiro. "Na wewe je? Jana umekusanya vya wenzako tu. Mbona hukutia chako kapuni?"

Nguchiro akatoka nyuma ya magamba. Alikuwa ameweza kuwatoa wakubwa wote maneno waliyodaiwa na bibi yule, na lake mwenyewe alikuwa hajawahi kulisema. Hata hila ile ya kapu asingeiweza kama bibi asingemfundisha kufikiri kabla ya kuuma.

"Mimi, Mwalimu," akasema, "ingebidi niingie kapuni mwenyewe, mzima mzima."

Akaweka kichwa mapajani mwa bibi. "Asante, Mwalimu."

Hapo ndipo ninapoliacha kapu, wajukuu zangu, na neno lenyewe ni hili: aliyekufundisha mshukuru angali anakusikia.