Pua ya Bwira

"Mazuku hayapimwi kwa pua ya mrefu." Vijana waliokuwa wakipasua mawe meusi ya kujengea walimsikia mpita njia akiitamka methali hii, wakamwendea Bibi Kavugho kumuuliza ilitoka wapi. Bibi hakuacha kuchambua maharage. Alisema ilitoka katika ugomvi wa mume na mke, hapa hapa chini ya mlima wa moto, na mume ndiye aliyeshinda. Aliusimulia hivi.

"Mbuzi amekufa humo kibondeni, Baba Faida!"

"Ameumwa na nyoka."

"Na kunguru wawili je? Nyoka aliwafuata mmoja mmoja?"

Bwira, ndiye mume, aliendelea kuchonga nguzo zake. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mlima upasuke ubavu. Uji wa moto ulifunika nyumba yao na shamba lao, ukapoa ukawa jiwe, na ardhi ikatetemeka siku tisa. Udongo uliobaki ulikuwa katika kibonde kimoja tu, chenye majani mabichi. Babu yake Bwira alifunga mbuzi humo maisha yake yote na hakufa hata mmoja.

Lakini Kahindo, mkewe, alijua kwamba tetemeko hufungua nyufa mahali ambapo jana hapakuwa na ufa. Kila mtu wa pale aliyajua mazuku: hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana, inayotulia mabondeni kama maji kwenye bakuli. Anayezama humo hapigi kelele.

"Basi pima kwa moto," alisema.

Desturi ilikuwa hiyo: unashuka na kijinga kinachowaka, unakiinamisha hadi kiguse majani. Kikizimika, unatoka. Bwira alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa pale. Alishuka kwa hatua kubwa, akasimama katikati, akakishika kijinga usawa wa kifua. Kiliwaka vizuri.

"Umeona? Na mimi mwenyewe napumua."

"Kishushe chini."

"Niiname mpaka lini, Mama Faida? Wiki tatu nainama chini ya turubai la watu. Hapa ni kwangu, nasimama."

Majirani walikuwa wakitazama. Kahindo alinyamaza. Naye alikuwa amelichoka turubai, na kwa kunyamaza huko hakujisamehe mpaka anakufa.

Kesho yake Bwira alisimika nguzo nne. Asubuhi hiyo upepo haukuvuma kabisa. Kahindo alikwenda kuchota maji, akamwachia mumewe Faida, binti yao wa miaka mitatu, na kumwambia amweke ukingoni. Mtoto alimfuata baba yake bondeni, akaketi kwenye majani na gunzi lake alilolifunga kitambaa, likawa mtoto wake. Bwira alikuwa akifunga boriti juu ya kichwa chake.

Kahindo alirudi na ndoo. "Faida yuko wapi?"

"Huyu hapa miguuni, amelala. Leo ametulia kweli."

Kahindo aliiachia ndoo. "Mwinue! Mlete juu!"

Bwira aliinama kumchukua, kichwa kikamzunguka. Alitoka akipepesuka, mtoto mikononi. Faida alikuwa bado na joto. Hakupumua tena.

Walipomaliza kumzika, Bwira alirudi bondeni na kijinga. Kifuani, kiliwaka. Kiunoni, kiliwaka. Alipokifikisha magotini, moto ukakatika ghafla. Alipanda akakiwasha, akashuka tena, kikazimika pale pale. Safari ya tatu Kahindo alimnyang'anya.

"Inatosha. Sasa unajua. Ng'oa nguzo."

"Tutakaa wapi?"

"Ng'oa nguzo, Baba Faida."

Alizing'oa zote nne bila kuinama, akizitikisa na kuzivuta juu, akipanda ukingoni kila mara kuvuta pumzi. Wakazisimika kuzunguka kibonde, na Kahindo akachana kitenge chake chekundu, akafunga kipande kwenye kila nguzo, mtu yeyote akione kutoka mbali.

Jirani mmoja alisimama akishangaa. "Lakini Bwira, wewe ulikuwa humo asubuhi nzima. Mbona hukudhurika?"

Bwira alikandamiza udongo kwenye nguzo ya mwisho kwa kisigino.

"Mazuku hayapimwi kwa pua ya mrefu," alisema.

Wakachukua ndoo yao tupu, wakarudi kwenye turubai.