Firigisi ya Mzee Shaali

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ya hawa watu waliokwisha kuanza kulipa kiingilio ili watishwe, paliondokea mjane mmoja jina lake Bi Mkasi. Mumewe, Mzee Shaali, alikuwa amekufa. Bi Mkasi alipotoka eda, watoto wake walimchukua wakampeleka kula cha mchana kwenye hoteli yenye bustani ya michezo.

Watoto wenyewe walikuwa watatu. Vuai, kifungua mimba. Raya, binti. Na Nassor, mpwa wa Mzee Shaali, aliyelelewa mle nyumbani mpaka akaota ndevu.

Bi Mkasi alikaa kitini akawatazama mmoja mmoja. Juu ya vichwa vyao kigari cha reli kilipanda, kikashuka, na waliomo wakapiga mayowe. "Hawa wamelipa ili walie," akasema moyoni. "Na hawa wangu wamelipa ili iwe nini?" Maana Vuai hakuwahi kumpeleka mama yake hata sokoni.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile, kila kuku aliyechinjwa, firigisi yake ilikuwa ya Mzee Shaali. Hakuila mgeni, hakuila mtoto, na Bi Mkasi aliyeipika hakuionja maisha yake yote ya ndoa. Hata Mzee alipolala kitandani mwaka mzima akiugua, kila Ijumaa firigisi ilipelekwa chumbani kwenye kisahani, na kisahani kilirudi kitupu. Bi Mkasi akikiona kile kisahani anamshukuru Mungu. Anasema, maadamu anakula, atapona.

Hakupona. Lakini kabla ya kukata roho aliacha neno mbele ya wote: "Mkasi, eda ikiisha, firigisi yangu mpe unayemwona anafaa. Huyo ndiye atakayekuwa na kauli juu ya nyumba."

Na kila mmoja alikuwa na lake juu ya nyumba. Vuai alitaka ivunjwe, ajenge ya wageni. Raya alitaka ifungwe, mama ahamie kwake. Nassor alitaka abaki humo, aoe humo, azae humo. Bi Mkasi alitaka kufia pale pale alipozalia, na hakuna aliyemuuliza.

Vuai alikuwa ameagiza tangu jana yake: kuku wa kienyeji, mzima, na firigisi isitupwe. Wakangoja. Vuai akainuka, akaenda kuhimiza chakula, akarudi. Raya akainuka, akaenda kunawa, akarudi. Kisha Raya akamwachia Nassor mkoba wake, akaenda kukitazama kigari. Nassor akageukia pembeni, akakohoa. Yote hayo Bi Mkasi aliyaona, akayaweka.

Sinia likaja, pilau inafuka, kuku amekaa juu. Bi Mkasi akasema bismillahi. Akageuza paja, akageuza bawa, akachimbua wali mpaka chini. Hakuna firigisi.

"Firigisi iko wapi?"

Watu hawa, kuku akikosa firigisi, hawaulizi imesahauliwa wapi. Wanauliza nani mwizi. Mhudumu akasema labda imebaki jikoni. Mpishi akaitwa, akaja anajifuta mikono.

"Shikamoo, bibi. Niliiweka juu ya pilau kwa mkono wangu huu, nikaliacha sinia pale mezani pa kupakulia."

"Marahaba, mwanangu. Nenda zako," akasema Bi Mkasi, kisha akawageukia wanawe. "Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa haliliwi tonge mpaka niambiwe."

Vuai akainamisha kichwa. "Mama, niliitoa mimi, nikaiweka kwenye sahani pale pale. Leo ndiyo kwanza umetoka eda. Ungempa mmoja, wawili wangekula na kinyongo. Nikasema tushibe kwanza, ugomvi tutaukuta."

Bi Mkasi akawaza: au uliogopa huyo mmoja si wewe?

Raya akasema, "Nami nikaikuta pale, nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia mkobani. Mama, umepika firigisi miaka yote, hujui hata ladha yake. Nilitaka nikupe faragha, uile wewe."

Bi Mkasi akawaza: faragha! Hongo nayo hutolewa faragha.

"Na wewe, Nassor?"

"Nilisikia harufu mkobani, mama. Nikafungua. Nikauma."

"Mwizi!" Vuai akaruka. "Nilijua!"

"Kaka, nimeizoea," akasema Nassor. "Mama, nisamehe. Mjomba mwaka ule hakuweza kutafuna tena. Kila Ijumaa alikuwa ananiambia, 'Kula, Nassor. Mkasi asione imerudi.' Nami nikala. Leo ilipofika mkononi mwangu, kinywa kilitangulia."

Bi Mkasi akamgeukia. "Kwa hiyo vile visahani..."

"Ni mimi niliyekula, mama."

Bi Mkasi akaziwaza Ijumaa zile. Mwaka mzima alikuwa akishukuru kwa kinywa kisicho cha mumewe! Halafu wasiwasi ukarudi kama kawaida yake: na shahidi wa maneno haya ni nani? Yuko kaburini.

Nassor akafungua kiganja. Nusu ya firigisi ilikuwamo bado, ina alama za meno. Akaiweka ukingoni mwa sinia.

"Bila mimi kuiagiza isingekuwapo," akasema Vuai.

"Bila mimi kuifunga wangeifagia wahudumu," akasema Raya.

"Mimi alinipa mjomba mwenyewe, akiwa hai," akasema Nassor.

Kigari kikapita juu, watu wakapiga mayowe. Pale mezani hakuna aliyeinua kichwa. Bi Mkasi akaiokota ile nusu kwa vidole vitatu, na macho sita yakaufuata mkono wake. Wote watatu wamekosa, na kila mmoja ana neno lake. Na kwa mara ya kwanza maishani harufu ya firigisi ilikuwa karibu na midomo ya aliyeipika.

Haya, wenzangu, pilau inapoa na mkono wa mjane uko hewani. Je, nusu ile iingie kinywani mwa nani?