Pimbi Aziba Jino la Fisi

"Mpo?"
"Tupo."
"Masikio mnayo?"
"Tunayo."
"Meno je?"
"Yaliyobaki."
"Yanatosha. Sikilizeni."

Hapo kale Fisi alikuwa na jino lenye tundu. Kila akivunja mfupa, jino linamuuma, na kuacha mifupa hawezi. Akamwita Kanga amzibie.

Kanga akachukua udongo wa kichuguu, akatia utomvu, akatia maji mengi, koroga koroga, akaziba. Fisi akatafuna mfupa, kacha! Dawa ikabomoka. Fisi akamla Kanga.

Akamwita Ngedere. Ngedere akachanganya dawa nzito, koroga koroga, lakini akaziba juu ya mate. Fisi akatafuna mfupa, kacha! Dawa ikachomoka nzima. Fisi akamla Ngedere.

Akamwita Pimbi, mnyama mdogo anayeishi maweni.

"Ikibomoka, nakula wewe," akasema Fisi.

"Na isipobomoka, bwana mkubwa?"

"Lazima nilijaribu jino. Na mfupa ulio karibu ni wako."

Pimbi aliogopa sana, ila akachukua udongo na utomvu.

"Basi tuifanye kazi vizuri," akasema. "Wenzangu waliharakisha. Dawa hii nguvu yake ni mkono wa fundi. Maji kidogo, jino kavu, ishindiliwe, kisha isiguswe mpaka ikauke."

Akachanganya, koroga koroga. Akakausha mate, futa futa. Akajaza, akashindilia, ndi ndi ndi. Akajaza tena, akashindilia, ndi ndi ndi, mpaka dawa ikafurika na kufunika meno ya jirani.

"Sasa uma kwa nguvu, bwana mkubwa. Ukifungua mapema, itabomoka kama zile."

Fisi akauma. Kungoja hakukupenda, lakini kwa ajili ya nyama alingoja. Jua likapanda, jua likashuka. Pimbi akagonga dawa kwa ukucha, ko ko ko. Imekuwa jiwe.

"Tayari. Fungua unile."

Fisi akajaribu kupanua kinywa. Hakikupanuka. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yamegandana.

"Mmm," akasema Fisi. "Mmm mmm."

"Asante," akasema Pimbi, akaenda zake maweni.

Fisi akakonda, akafa kwa njaa. Dawa haikupata hata ufa.

Funzo lake ni hili: mgonjwa akifuata masharti ya fundi, jino litadumu kuliko yeye.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye jino bovu asinitazame mimi.