Digidigi na Neno Alilolikimbia

Paukwa!

Nimesikia sauti za watoto peke yao. Watu wazima nao waitikie, maana ngano hii haikutungwa kwa ajili ya watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Sawasawa. Sogeeni karibu.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakiogopa maneno kuliko meno, alikuwapo Digidigi na mkewe. Digidigi mnamjua. Ni paa mdogo sana. Akisimama kando ya mbuzi, mbuzi anaonekana fahali. Miguu yake njiti, macho yake makubwa, pua yake ndefu. Haendi kwa makundi. Ana mke mmoja, kichaka kimoja, na mpaka wao wanauweka wawili. Wakiona hatari hulia kwa pua, zik, zik, wakakimbia pamoja. Hawa walikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kidigi.

Asubuhi moja Bi Digidigi alikuwa akila majani ya mkole mlangoni pa kichaka. Akala, akala, akabakisha tawi moja. Akasema, "Hilo msiliguse, baba Kidigi. Nakwenda kwenye kichuguu kulamba udongo wa chumvi. Nikirudi nilikute."

Mumewe akamtania kwamba macho yake yana njaa kuliko tumbo. Bi Digidigi akacheka kwa pua. Akashika njia ya majani marefu. Chakacha, chakacha, chakacha. Kimya.

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea pale: mke kuomba abakishiwe majani, na mume kumtania.

Jua likapanda. Jua likakaa utosini. Jua likashuka. Hakurudi.

Kanga walikuwa juu ya kichuguu, na waliona. Waliona majani yakigawanyika, wakaona madoa ya Chui, wakaruka wakipiga kelele. Jioni Bi Kanga akaja kichakani kuleta habari. Akamkuta Digidigi amesimama kando ya lile tawi, analilinda mbuzi wasilile. Neno likamkwama kooni. Akalimeza, akatoa jingine.

"Mwenzio amechelewa tu, shemeji."

Digidigi akalidaka lile neno kama mwenye kiu anavyodaka tone. "Amechelewa," akasema. "Ndiyo. Amechelewa."

Kesho yake akaja Mzee Ngiri, naye alikwisha kusikia. Akainamisha kichwa, akasema amechelewa. Akaja Nyani, mropokaji wa mbuga nzima, naye akasema amechelewa. Ilikuwa desturi yao: mwenye msiba asipoutaja msiba, jirani hautaji. Walifanya hivyo kwa huruma. Hakuna aliyemtakia mabaya.

Isipokuwa Fisi. Fisi hana adabu, mnajua. Alipita akawakuta wamekaa na Digidigi, wanasema amechelewa, amechelewa. Akauliza mbona wanamzungusha mwenzao. Bi Kanga akamwambia afunge domo lake bovu, mwana laana asiyejua utu.

"Sawa, sina utu," Fisi akasema. "Lakini mchelewaji namjua, na maiti naijua. Mchelewaji hanuki."

Wakamfukuza kwa mabonge ya udongo. Digidigi ndiye aliyemfukuza mbali kuliko wote.

Sasa sikilizeni jinsi neno linavyofanya kazi. Digidigi alipoitazama njia ya majani marefu, hakuona njia ya Chui. Aliona njia ya mkewe. Kanga walipopiga kelele kule kichuguuni, kwe-kwe-kwe, hakusikia onyo. Alisikia shangwe za kumpokea mtu. Majani yalipotikisika, chakacha, hakusema tukimbie. Alisema, huyo anakuja. Na pua yake, ile pua ndefu, ilileta harufu ya Chui kila siku, na kila siku harufu ikakosa pa kuketi, maana nyumba nzima ilikuwa imejaa neno moja.

Usingizi ukampungukia. Akawa anashtuka, anasimama, anatazama, anaketi. Anasimama tena.

Kiangazi kikaja. Majani ya chini yakaisha. Kidigi akaanza kuonekana mbavu. Akalitazama tawi la mkole, akamtazama baba yake. Baba yake akamwambia hilo ni fungu la mama, akirudi atalikuta. Kidigi hakubisha. Akawa analamba shina la mti, basi.

Lakini mtoto akilishwa neno hulicheua. Kidigi akawaza: kama mama amechelewa, basi yuko njiani. Kama yuko njiani, mbona hatuendi kumpokea?

Alasiri moja Digidigi alikwenda kuzunguka mpaka wao, sasa akiuzunguka peke yake. Aliporudi, kichaka kitupu. Akaita. Kimya. Kisha kutoka kwenye majani marefu akasikia sauti nyembamba ikiimba:

*Mama njoo, mkole wako upo,*
*mama njoo, jua linashuka,*
*baba kasema umechelewa,*
*nami naja kukupokea.*

 Digidigi akakimbia kuifuata sauti.

Akamwona Kidigi amesimama katikati ya njia, masikio mbele, mkia unacheza. Na mbele ya Kidigi majani yalikuwa yanatikisika. Chakacha. Yakatulia. Chakacha. Yakatulia.

Digidigi akalia kwa pua, zik, zik.

Kidigi hakusogea hata kidogo. Akageuza shingo, anacheka. "Baba, unamkimbia mama?"

Chakacha.

Digidigi akafungua mdomo. Neno lilikuwepo. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza, limelala chini ya ulimi kama jiwe. Akaona kwamba neno jingine lolote atakalolisema, mtoto atabaki pale pale aliposimama.

"Si mama," akasema. "Mama amekufa. Huyo ni Chui. Ndiye aliyemuua."

Mara majani yakawa majani. Madoa yakawa madoa. Kidigi akayaona macho mawili ya manjano, usawa wa macho yake, yalikuwa pale muda wote. Akaruka. Chui naye akaruka. Wakakimbia kwa kupindapinda, huku na huku, huku na huku, Kidigi mbele, baba nyuma, na kucha zikachukua manyoya ya mkia wa baba. Pu! Wakajitupa katika kichaka cha miiba. Chui akazunguka nje, akanguruma, akachoka, akaenda zake.

Ndani ya miiba Kidigi alijibanza ubavuni mwa baba yake. Halafu akauliza, "Ulijua lini, baba?"

"Siku ile ile."

Kidigi akalia. Na baba yake naye, kwa mara ya kwanza, akalia.

Majirani wakasikia kilio, wakaja. Bi Kanga akasema, "Poleni na msiba, shemeji." Neno pole lilikuwa halijaingia kichakani mle, maana mchelewaji hapewi pole. Sasa likaingia. Mzee Ngiri akakaa matanga. Nyani akaketi na hakuropoka. Kanga wakaahidi kumtaja Chui kwa jina lake kila watakapomwona. Fisi naye akaja, akakaa mbali, pembeni kabisa, na hakuna aliyemfukuza.

Basi, watoto, na ninyi mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza watoto: macho hufuata ulimi. Ukikiita kifo kuchelewa, Chui atakuwa mgeni, na mwanao atakwenda kumpokea. Neno la kweli linauma, lakini ndilo linalokuonyesha pa kukimbilia.

Ngano yangu imefika ukingoni. Msinyanyuke bado, imebaki asubuhi yake.

Asubuhi yake Digidigi aliamka kabla umande haujakauka. Akaenda kwenye mkole. Majani mengine ya lile tawi yalikuwa yamekwisha kupiga manjano, mengine yalikuwa bado mabichi. Akalivuta tawi kwa shingo, akalishusha mpaka usawa wa mdomo wa mtoto.

"Kula," akasema. "Yalikuwa ya mama."

Kidigi akamtazama. Kisha akala, pole pole, mpaka jani la mwisho.

Digidigi akaliachia tawi. Likarudi juu, fyu, likatikisika kidogo, likatulia.