Kaburi la Mgomba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao na kero zao kama hizi zetu, palikuwa na barabara moja pana. Sogeeni karibu, sitapaza sauti. Hadithi hii hainifurahishi hata mimi.

Barabara ilikuwa ya wenye vishindo: Kifaru, Tembo na Nyati. Walipita mbio, vumbi likitimka, wala hawatazami chini. Wadogo walipita pembeni roho mkononi: Panya na baiskeli yake, Kanga na vifaranga wake, na Bi Kobe. Huyu mguu wake ulikwisha kupondwa, akawa anajisukuma kwa kigari cha magurudumu, kwaru, kwaru, kwenda kisimani. Asipofika kisimani, wajukuu wake hawanywi.

Wakamwendea Kifaru, mkuu wa mji, kuomba kijia cha pembeni tu. Kifaru akawakaribisha vizuri, akawasikiliza, akasema ataunda kamati. Mwaka ukapita. Vifaranga wa Kanga wakawa wanapungua.

Sasa Digidigi, mdogo wa mwili lakini mjanja, alikuwa amegundua jambo. Kifaru, pamoja na ubabe wake wote, hakanyagi kaburi. Akilikuta hulizunguka, kichwa kainamisha. Basi wadogo wakachimba makaburi kando ya barabara, mstari mzima hadi kisimani, wakazika migomba. Nyuma ya makaburi wakajipatia kijia chao. Wakubwa wakakaa mbali. Bi Kobe akawa anasukuma kigari huku akiimba, na akanenepa, masikini.

Lakini Kifaru hakosi matangani. Akaona makaburi yote yale, na hakuna hata nyumba moja iliyopika ubwabwa. Akashuku. Akafukua la kwanza, mgomba. Akafukua la pili, mgomba.

"Nani kazikwa humu?" akanguruma.

"Sisi, mzee," Digidigi akajibu. "Tumetangulia kuchimba tu."

Kifaru hakucheka. Akayafukua yote kwa pembe yake mwenyewe, akaenda zake.

Kesho yake Bi Kobe akatoka na ndoo, maana kiu haingoji kamati. Gurudumu likanasa kwenye udongo uliofukuliwa. Nyati akaja mbio. Kigari kikalia kacha, kisha kimya.

Wakamzika palepale, katika shimo la mgomba. Kifaru akaja matangani, akala ubwabwa, akalia machozi ya kweli. Na tangu siku hiyo, akifika pale hupinda, na wenzake wote hupinda.

Kanga akamwuliza Digidigi, "Sasa ndiyo tumepata njia?"

"Tumepata," akasema Digidigi. "Urefu wake kaburi moja."

Akakitazama kisima kule mbali, akajiinamia, akalia.

Haya, nendeni mkalale, na hili mlishike: mji usiowatengea wadogo njia, huwatengea makaburi.